Jovelyn na Orodha ya Nyama

Jovelyn Wasing hana dogo. Akiwa darasa la nne alikataa kusaini daftari la adhabu kwa sababu liliandikwa kwamba amepiga kelele siku nzima, na yeye alidai alipiga kelele mara moja tu, tena kwa haki. Akasimamishwa nje kwenye ukungu mpaka saa sita. Alipokuwa mtu mzima akaenda mjini Baguio kuandika programu za kompyuta, na mwajiri wake akawagawia wote karatasi ya kukubali kufanya kazi Jumapili. Wenzake walisaini. Yeye aliandika kando ya jina lake, "Nimeisoma, sikubali," akairudisha kwa mikono miwili na heshima zote. Hawakumfukuza, maana walimhitaji.

Mimi ni mtu wa karatasi. Nina duka la fotokopi mjini Sadlayan, linalotazamana na ofisi za serikali. Mashine ninazo mbili, moja mgonjwa. Jina langu Felisa, lakini watu huniita Manang Kopi, yaani dada mkubwa wa kopi, na wala sijawahi kununa. Jovelyn nilimjua tangu anabebwa mgongoni, kwa sababu sote ni wa Payukan, kijiji cha huko juu mlimani.

Nianze na nguruwe. Miaka sita kabla ya haya ninayosimulia, kampuni ya bwawa ilipanda Payukan ikiitaka chemchemi ya Tabbak, ambayo ndiyo inayonywesha matuta yetu yote ya mpunga. Ilileta nguruwe watatu. Nguruwe akichinjwa kwetu, kila nyumba hupata fungu lake la nyama la kwenda nalo, watwat, na fungu hilo hulikatai. Kulikataa ni kumwambia jirani kwamba humtambui. Ili mafungu yasipungue huandikwa orodha: namba, jina, sahihi. Tumesaini orodha za nyama tangu babu zetu walipojua kushika kalamu. Siku ile wa kwanza kusaini alikuwa Mariano Wasing, baba yake Jovelyn, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkata nyama wa kijiji.

Baada ya wiki moja orodha ile ikaonekana kwenye faili la serikali. Mbele yake palikuwa na ukurasa uliosema: sisi tuliosaini tumekubali kuitoa chemchemi ya Tabbak. Majina sabini na moja, la kwanza Mariano Wasing.

Watu sabini walisema wamedanganywa. Wa kwanza, wakasema, ndiye aliyewadanganya. Hivyo ndivyo tulivyo, na sitawapamba. Tangu siku hiyo fungu la nyama la Mariano halikukabidhiwa tena mkononi mwake. Lilikuwa linatundikwa kwenye uzio wake na mletaji anaondoka bila kuita. "Nilisaini nyama," alikuwa akimwambia kila aliyesimama kumsikiliza, na waliosimama walikuwa wachache. Kampuni iliishiwa fedha ikaondoka bila kugusa maji, lakini karatasi ilibaki kwenye faili na maneno yakabaki midomoni. Mwaka wa pili Mariano akafa kwa ugonjwa wa kifua.

Sasa niseme langu. Kopi ile niliitoa mimi. Mtu wa kampuni aliingia dukani na orodha iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa, WATWAT, PAYUKAN. Akaniomba nikifunike kichwa kile kwa kipande cha karatasi nyeupe wakati wa kutoa kopi. Nikakifunika. Akaniomba niibane nyuma ya ukurasa mwingine. Nikachukua stepla, nikabana. Ningeweza kusema sikujua. Ukweli ni kwamba sikuuliza, na kutokuuliza kulinifaa, maana kampuni ilikuwa mteja mzuri. Kopi ya kwanza ilitoka vibaya kwa sababu kipande cheupe kiliteleza, na kichwa kikaonekana nusu. Ile niliitia chini ya debe langu la mchele. Kwa nini sikuichoma, hata mimi sijui vizuri.

Jovelyn alirudi kutoka Baguio na kompyuta yake mgongoni, akaja moja kwa moja dukani.

"Manang, nipe kona yenye intaneti isiyosinzia."

"Kona ipo. Ila mashine ikinguruma usininunie."

"Nitanuna kimyakimya."

Akakaa kona ile miezi mitano. Alifanya kazi za Baguio asubuhi, na jioni akaandika kitu chake. Siku moja nilishindwa na umbeya nikamuuliza ni kitu gani.

"Sahihi isiyobanduka," alisema.

"Gundi gani hiyo?"

"Hesabu. Sahihi ya kalamu inakaa kwenye karatasi, Manang, na karatasi unaweza kuibana popote. Yangu itakaa kwenye maneno yenyewe. Ukibadilisha neno moja, sahihi inakufa."

Nikajitia hamnazo, nikapanga bahasha zilizokuwa zimeshapangwa.

Aliandika kwa JavaScript, lugha inayoishi ndani ya kurasa za intaneti, ili hata simu ya bei rahisi iweze kuifungua. Kazi ya kusimba, yaani kuyageuza maneno kuwa tarakimu za siri, hakuitunga yeye. Alisema anayejitungia hesabu zake za siri ni sawa na anayejing'oa gego kwa koleo. Alichukua maktaba, yaani mkusanyiko wa kanuni zilizoandikwa na wataalamu, wengine wakazipiga mawe miaka na miaka na hazikuvunjika. Yeye aliziita tu ndani ya ukurasa wake. Simu ikiombwa inazaa funguo mbili kwa mpigo. Wa siri unabaki ndani ya simu na hautoki. Wa wazi anapewa yeyote anayeutaka.

"Huu wa wazi utauchapa wewe," aliniambia, "kila mtu na wake, tubandike mlangoni mwa kanisa."

"Ufunguo mlangoni? Na wezi je?"

"Huo haufungui chochote, Manang. Kazi yake ni kutambua tu. Wa siri unasaini, wa wazi unauliza: je, ni kweli fulani alisaini maneno haya haya? Jibu ni kweli, au si kweli. Hakuna labda."

Jumapili alipanda kijijini kuwafundisha watu, nami nikafuata na karatasi zangu. Wa kwanza kujaribu alikuwa Apo Kensay, bibi wa miaka themanini na mmoja, tambuu shavuni, simu ya mjukuu wake ikining'inia shingoni. Jovelyn alimwandikia sentensi ya majaribio: leo nimekula viazi. Bibi akabonyeza. Zikatoka herufi na tarakimu zilizojaa mstari mzima. Jovelyn akaiandika sentensi upya kwenye kompyuta yake, akahakiki. Ikatoka: si kweli.

"Si kweli?" Apo Kensay aliruka. "Nimekula viazi mimi! Viwili! Muulize huyu!"

"Apo, sijasema—"

"Mashine yako inaniita mwongo mbele ya mlango wa kanisa!"

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Jovelyn alikodolea macho kompyuta muda mrefu, kisha akapata kosa. Alikuwa ameacha nafasi moja tupu mwishoni mwa sentensi, baada ya neno viazi. Akaifuta. Kweli.

Mimi sikucheka. Nafasi tupu, kitu ambacho hata jicho halikioni, ilikuwa imetosha kuikataa sahihi. Nikakumbuka kipande changu cheupe.

Mwezi uliofuata alinionyesha kazi ikiwa imekamilika. Ukurasa ulikuwa mzuri: juu kichwa cha habari, chini orodha, namba, jina, sahihi. Akajaza majina kumi ya uongo, akasaini yote, akahakiki yote. Kweli, kweli, kweli, mara kumi. Alikuwa anang'aa. Mimi nikaangalia kwa macho ya kazi yangu, na macho hayo hayajui kunyamaza.

"Hapa umesaini nini hasa?" nikamuuliza.

"Mstari wa mtu. Jina lake, kijiji, tarehe."

"Na kichwa cha juu?"

"Kichwa kiko juu."

"Kimo ndani ya sahihi?"

Akarudia kusoma alichoandika.

"Basi badilisha," nikasema. "Futa hicho, andika: tumekubali kuitoa Tabbak. Halafu hakiki."

Akabadilisha. Akahakiki. Kweli, kweli, kweli, mara kumi.

Aliinuka akazunguka mashine yangu mgonjwa mara mbili. Mtu wa kwingine asingekosea hivyo. Ila sisi tumelelewa na orodha; kwetu kusaini ni kusaini mstari wako, na kichwa ni cha mwandishi. Alikuwa amejenga kwa hesabu za wataalamu stepla ile ile iliyomuua baba yake, na nikamwona anavyojichukia.

"Nimekuwa mjinga, Manang."

"Umekuwa mtu wa Payukan."

"Umejuaje? Mimi nimesomea haya. Wewe umejuaje?"

"Miaka ishirini ya karatasi," nilisema. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwake alikuwa anamkaribisha kahawa.

Akaandika upya. Safari hii kila mtu alisaini maneno yote, kichwa, mwili, jina na tarehe, vikiwa kitu kimoja. Ilimchukua siku tisa.

Haikupita muda, kampuni ikarudi. Ilikuwa na wenyewe wapya na mtu mpya kutoka Manila, Injinia Villaruz, shati jeupe, meno mazuri. Nguruwe walikuwa wanne. Alitandika orodha mezani na kalamu yenye nembo.

"Jamani, ni ya nyama tu," alisema. "Kila mtu asaini apate fungu lake."

Apo Kensay akatema tambuu pembeni. "Mwanangu, kalamu imetuchosha mikono. Siku hizi tunasaini kwa simu."

"Kwa simu?"

"Ulidhani tunapigia kuku? Au urudi na nguruwe wako. Wanajua kutembea."

Injinia akatazama nguruwe waliokwisha chinjwa, akatazama watu, akacheka. Jina ni jina, nadhani aliwaza. Akamwambia Jovelyn, "Sawa, mradi mnichapie orodha." Watu sabini na watatu wakafungua ukurasa kwenye simu zao. Maneno yaliyokuwa pale yaliandikwa kwa lugha yetu, na Injinia hakuona haja ya kuuliza maana yake: *Hii ni orodha ya nyama. Nimepokea fungu langu. Chemchemi ya Tabbak sijaitoa na siitoi.* Kila mmoja akasomewa kwa sauti, akabonyeza, Injinia akiwa hatua tatu kutoka pale. Injinia aliagiza orodha, akapewa orodha: majina, na mbele ya kila jina herufi na tarakimu zake. Kuchapa nilichapa mimi, na safari hii sikufunika kitu.

Kikao cha ridhaa, cha serikali kupima kama kijiji kimekubali, kilifanyika Sadlayan baada ya wiki mbili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetumwa kutoka makao makuu, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi. Injinia akasimama na faili. Mbele, ukurasa wa ridhaa kwa Kiingereza safi. Nyuma, orodha yetu, imebanwa. Mabanio mawili, nikayaona toka nilipokaa.

"Watu sabini na watatu, Madamu," alisema. "Tena kwa teknolojia ya kisasa. Kijiji kimesonga mbele."

"Naomba nihakiki, Madamu," Jovelyn akasema.

"Wewe ni nani?"

"Jina la kumi na nane."

Mwenyekiti akaruhusu. Jovelyn akaunganisha kompyuta na projekta, akayaweka maneno ya ukurasa wa Injinia, akaleta funguo za wazi zilizokuwa mlangoni mwa kanisa kwa miezi miwili, akabonyeza. Ukuta ukajaa. Si kweli. Si kweli. Si kweli. Mara sabini na tatu.

"Mashine mbovu hiyo," Injinia alisema.

"Huenda," Jovelyn akajibu. "Tujaribu maneno waliyosaini." Akayaweka, akayatafsiri kwa sauti, moja moja, bila haraka. Akabonyeza. Kweli, kutoka juu ya ukuta mpaka chini.

"Viazi viwili!" akapiga kelele Apo Kensay kutoka nyuma, na upande wetu wote ukaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza, lakini na yeye alikuwa anajizuia.

Injinia hakucheka. Akachomoa faili jingine, la zamani, kingo zimegeuka njano.

"Vizuri. Basi hatuhitaji ridhaa mpya. Tunayo ya miaka sita iliyopita, ya kalamu, haijafutwa na mtu. Na wa kwanza kusaini," akamgeukia Jovelyn, "ni Mariano Wasing. Ni ndugu yako?"

Nilimwona Jovelyn anaondoa mikono kwenye kompyuta. Hesabu zake zote hazikuweza kurudi nyuma miaka sita. Marehemu hana simu. Nikawaona watu wa Payukan wanaangalia chini, sabini wale wale, na nikajua wanachowaza, kwamba ndiyo, ni Mariano, siku zote ni Mariano.

Nikasimama.

"Karatasi hiyo niliibana mimi," nilisema.

"Wewe ni nani tena?" akauliza mwenyekiti.

"Felisa Tumapang, wa fotokopi, hapo ng'ambo. Kichwa cha orodha hiyo kilisema watwat. Nilikifunika kwa karatasi nyeupe nilipoambiwa nikifunike. Mariano alisaini nyama. Wote walisaini nyama."

"Mama, hayo ni maneno matupu," Injinia alisema kwa upole wa mtu anayekutakia mabaya. "Tena angalia. Nusu ya wateja wako ni ofisi hizi, na nusu ni watu kama sisi. Keti."

Hapo ndipo hofu iliponitoka. Sijui kwa nini, labda ni kule kuambiwa keti.

"Sikai!" nikasema. "Na kama ni maneno matupu, nitayatia sahihi yasimame."

Nikatoa kwenye mkoba ile kopi iliyoharibika, niliyoichomoa chini ya debe la mchele asubuhi ile bila kujua kama nitathubutu, kichwa kikionekana nusu, WATW, PAYU, na chini yake namba moja, Mariano Wasing, mwandiko ule ule uliokuwa kwenye faili la Injinia. Nikamkabidhi mwenyekiti. Kisha nikafungua simu yangu. Nilikuwa nimezaa funguo zangu pamoja na wengine, wa wazi upo mlangoni, jina la arobaini na mbili, lakini nilikuwa sijawahi kusaini chochote zaidi ya nyama. Nikaandika nikisema kila neno kwa sauti: *Mimi Felisa Tumapang nilificha kichwa cha orodha ya nyama ya Payukan na kuibana kwenye karatasi isiyo yake. Nilijua si kazi safi. Mariano Wasing hakuuza maji.* Nikabonyeza.

Jovelyn hakunitazama. Aliyachukua maneno yangu, akayaweka ukutani, akahakiki. Mara ya kwanza alikosea, akarudia.

Kweli.

Mwenyekiti alilinganisha karatasi mbili zile kwa muda mrefu, miwani imeshuka puani. Halafu akaamuru ridhaa ya zamani isimamishwe na faili lipelekwe kuchunguzwa, na kwamba ridhaa mpya hakuna. Tabbak isiguswe. Injinia alifunga mkoba wake akatoka bila kuaga. Watu wetu walitoka taratibu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenishika mkono. Sikustahili lolote kati ya hayo.

Kesho yake duka lilikuwa tupu. Siku ya pili pia. Karani mmoja wa ofisi alinipita na makaratasi yake kwapani, akateremka mpaka soko la chini kutafuta mashine nyingine. Nikamwitia kwamba ya huko chini inachafua kingo. Hakugeuka, nami sikujutia.

Siku ya tatu Jovelyn aliingia. Nikawasha mashine. Hakwenda kwenye kona yake. Alisimama kaunta, uso mkavu, macho mekundu.

"Miaka sita," alisema.

"Ndiyo."

"Miezi mitano nimekaa pale, unanipa kahawa."

"Ndiyo."

"Nimekuchukia siku tatu, Manang, na sijamaliza. Usinitengenezee kahawa leo."

"Sitengenezi."

Akaweka karatasi kaunta. Ilikuwa maneno yangu ya ukumbini, ameyachapa kwa mashine ya mtu mwingine, na chini yake ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu.

"Kopi mbili," alisema. "Moja nabandika mlangoni mwa kanisa, chini ya funguo. Moja ya Tatang, ya baba. Wanakuja Jumapili kaburini, pale uani kwetu, na nyama, wote sabini. Safari hii wataiweka mkononi mwa mama yangu, au hawatapita uzio."

Nikatoa kopi mbili. Zilitoka safi, nyeusi, kila herufi. Kwa mazoea ya miaka ishirini mkono wangu ukaenda kwenye stepla.

"Nibane?" nikauliza.

"Usibane," alisema Jovelyn.